Boksi ya joto ikikataa chumba cha 9: vile tulipanga vyumba 12 hapa Lubumbashi

Mwezi wa sita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniita. Mtoto wake alimtumia toka Ubelgiji boksi ya kuongoza radiatere za umeme kwa kutumia telefone. Tukaunganisha chumba cha 1, cha 2, mpaka cha 8, kila kitu sawa, kufika cha 9 programu ikakataa. Mama akanitazama: "Papa, byumba bine bimebakia inje, juu ya nini?" Mi nikadhani nimekosea, nikafuta yote nikaanza upya, ikagoma palepale. Boksi haikuwa mbovu, ilikuwa na kikomo cha vyumba 8 na kwenye karatasi yake hawakuiandika mahali pa kuonekana.

Hii si kitu ya boksi moja. Evohome ya Honeywell inakubali zoni 12 tu, Wiser ya Drayton vyumba 16. Memori ya boksi ina mwisho, na redio pia: nyingi zinazungumza kwa megahertz 868, na kwenye sehemu kubwa ya masafa hayo sheria ya Ulaya inaruhusu kifaa kutuma asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Vyumba vikizidi, maneno hewani yanazidi. Kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta namna ya kudanganya programu.

Hatua ya 1: hesabu umeme kabla ya kuhesabu vyumba

Radiatere ya umeme yenye mafuta ndani, ya wati 1500, inakula karibu ampere 6.5 kwa volti 230. Mara 12 ni ampere 78. Dijonktere kubwa ya ile nyumba, yaani swichi inayoanguka umeme ukizidi, ni ya ampere 40. Unaona sasa, hata boksi ingekubali vyumba 12, vyumba 12 haviwezi kuwaka pamoja. Sisi tulikubaliana radiatere 4 kwa wakati mmoja, ni ampere 26, inayobaki ni ya frigo, taa na maji moto. Andika namba yako kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa tablo, pale dijonktere zinakaa.

Hatua ya 2: chagua radiatere ya kuzungusha na mkono

Zile za buton za elektroniki, umeme ukikatwa na kurudi nyingi zinabaki zimezima mpaka mtu abonyeze. Relei, yaani swichi ndogo inayoamriwa na boksi, itapitisha umeme vizuri na chumba kitabaki baridi. Nunua ile ya kishikio cha kuzungusha, namba 1 mpaka 6. Hapo sibadilishi mawazo, na utaona kwenye hatua ya 3 kwamba kile kishikio ndicho kinaokoa kazi yote.

Hatua ya 3: unganisha vyumba viwili viwe kimoja

Kwenye boksi tulibakisha vyumba 4 peke yao, na vingine 8 tukavifanya jozi 4. Jumla 8, boksi imetosheka. Kwa programu jozi ni "chumba" kimoja: relei moja, kaptere moja, yaani kile kipimo kidogo cha joto cha ukutani. Relei yenyewe usiibebeshe radiatere mbili, ampere 13 usiku mzima ni nyingi kwa kitu kidogo vile. Relei iamuru kontaktere, yaani swichi kubwa, ya ampere 25 yenye pole mbili (njia mbili za umeme), kila radiatere ipite kwenye pole yake na ibaki na dijonktere yake kwenye tablo. Prizi za wifi za ampere 10 za sokoni mi sizitumii kwa radiatere kabisa, nimeshatoa ukutani moja iliyoyeyuka.

Sasa kazi ngumu: kaptere moja, vyumba viwili, uiweke wapi? Hapa nilipoteza usiku mzima, nakuomba usome polepole.

Kitabu cha boksi kilisema vyumba vya upande wa kusini vinapata jua, vya kaskazini ni baridi, basi weka kaptere kaskazini kwenye baridi. Nikatii. Siku hiyo saa mbili usiku mgeni wa chumba cha kusini anapiga mlango anatetemeka, programu inaonyesha digri 20, relei imelala. Nikabadilisha batri ya kaptere, nikabadilisha kaptere yenyewe, nikahamisha boksi karibu na korido nikidhani ni redio, nikafungua tablo nikapima kontaktere, yote mazima. Kufika saa saba usiku ndipo nilichukua termometa ya kawaida nikatembea chumba kwa chumba: kaskazini 20, kusini 14. Kitabu kimeandikwa kwa watu wa Ulaya! Sisi tuko chini ya ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini, ukuta wa matofali wa kaskazini unakunywa jua mchana kutwa na unalitoa usiku, ule wa kusini haulioni hata kidogo. Kaptere ilikuwa inasoma ukuta wenye moto wa mchana na kuambia boksi kwamba watu wote wako sawa.

Kwa hiyo hapa kwetu: kaptere ya jozi inakaa kwenye chumba baridi zaidi, na mara nyingi hicho ni cha kusini, au cha pembeni chenye kuta mbili nje. Lakini usiamini hata mimi, pima. Termometa moja kila chumba, saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, siku mbili, radiatere zote zimezimwa. Vyumba vyenye tofauti ya digri 2 au chini vinaweza kuwa jozi. Ikizidi digri 3 usiviunganishe, hata kama vinapakana. Mi mwanzoni niliunganisha kwa kufuata ujirani sababu kable ni fupi, na ndio nilikosea mara ya pili.

Na chumba chenye joto zaidi katika jozi kitapikwa? Hapana, kile kishikio cha mkono ndicho dari yake. Relei ikipitisha umeme inatoa ruhusa kwa vyumba vyote viwili. Kwenye chumba baridi zungusha mpaka mwisho, boksi ndiyo itakata. Kwenye kile cha joto, subiri kifike digri unayotaka, kisha rudisha kishikio polepole mpaka usikie "tak", acha hapo, weka alama ya rangi ya kucha. Toka hapo radiatere ile inajikata yenyewe hata kama relei bado inapitisha umeme.

Mambo mengine ya kaptere: isiwe juu ya radiatere, isiwe nyuma ya pazia, isiwe kwenye ukuta ambao nyuma yake kuna jiko, na iwe kama mita moja na nusu toka chini. Chumba chenye kaptere kikikosa mgeni usikiache madirisha wazi, mwambie mtu wa usafi, sababu dirisha moja wazi linawasha vyumba viwili.

Hatua ya 4: masaa

Jozi mbili saa 12 jioni mpaka saa mbili, zingine mbili saa mbili mpaka saa nne, vile vinne vya peke yao baadaye. Kama programu ina modi ya kiangazi cha Ulaya ya kujiwasha yenyewe, izime, kwake mwezi wa saba ni jua kali. Na hakikisha mji uliowekwa ni Lubumbashi, tuliukuta Bruxelles.

Boksi ya pili je?

Inawezekana, akaunti nyingine na email nyingine. Mi siipendi: boksi mbili hazijuani, zote zinaweza kuita joto alfajiri na dijonktere ya 40 inaanguka.

Kama unaanza toka sifuri, usinunue boksi yenye kikomo, weka Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumba) kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) na vifaa vya Zigbee (aina ya redio ya vifaa vidogo). Vyumba unaongeza unavyotaka, na kaptere za vyumba kadhaa unaweza kuzichanganya, uchague ifuate ya chini zaidi au wastani. Chagua ya chini. Angalia batri tu: kaptere ikifa inaweza kuacha namba ya mwisho, programu inaendelea kuamini ni digri 15 na radiatere haizimi. Weka onyo kwenye telefone kaptere ikinyamaza zaidi ya saa moja. Pi na ruteri vikae kwenye onduleri ndogo, yaani batri ya akiba, kukatwa umeme ghafla kunaharibu kadi ya memori.

Hatua ya 5: jaribu umeme ukirudi

Angusha dijonktere kubwa saa mbili usiku, hesabu dakika tano, inua. Relei zote zikiita pamoja itaanguka tena, basi weka kila relei ianze imezimwa umeme ukirudi, au ongeza relei ya kuchelewesha, jozi ya kwanza dakika 1, ya pili dakika 10. Sisi ilianguka mara mbili ndipo ikakaa. Na mama nilimwambia mbele ya wafanyakazi wake: usiku umeme ukikosa, wape wageni blanketi ya pili, mbabula ya makala (jiko la mkaa) isiingie chumbani hata dakika kumi, ile moshi isiyoonekana inaua mtu akiwa amelala.