Jinsi ya kuomba kura ya posta kwa uchaguzi wa meya wa Chicago

Uchaguzi wa meya wa Chicago ni Jumanne, 23 Februari 2027, na baridi ya Februari kule wakazi wanaijua. Kupigia kura nyumbani hakuhitaji sababu, unaomba tu.

Ila ni kwa raia wa Marekani pekee. Mwenye grini kadi asijiandikishe hata akibembelezwa, kwani ombi lake la uraia linaweza kuharibika.

Kwanza, hakikisha daftari la wapiga kura lina anwani yako ya sasa. Kujiandikisha mtandaoni kunataka leseni ya udereva au kitambulisho cha Illinois, na hufungwa siku 16 kabla ya uchaguzi.

Pili, jaza ombi kwenye tovuti ya Bodi ya Uchaguzi ya Chicago. Utaulizwa: uchaguzi mmoja au orodha ya kudumu? Mimi ningechukua ya kudumu. Meya lazima apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo wawili wa juu wanarudiana Aprili. Mwaka 2023 wagombea walikuwa tisa. Paul Vallas aliongoza duru ya kwanza, Brandon Johnson akamshinda ya pili. Aliye kwenye orodha ya kudumu haombi upya.

Hapo linatokea swali la chama, na wengi hushtuka. Tangu 1999 meya wa Chicago huchaguliwa bila vyama. Karatasi ya kura ina majina matupu. Basi chama cha nini? Orodha hiyo inahudumia pia kura za mchujo, ambako lazima uchague chama. Hutaki? Weka alama kwenye chaguzi zisizohitaji chama. Kura ya meya utaletewa vilevile.

Mwisho wa kupokea maombi ni siku tano kabla ya uchaguzi, lakini posta ni posta, wahi.

Karatasi ikifika, jaza, itie kwenye bahasha yake, kisha saini nje kama ulivyosaini ulipojiandikisha. Bahasha isiyo na saini huzuiwa hadi urekebishe. Stempu usinunue, imeshalipiwa. Mhuri wa posta usizidi siku ya uchaguzi. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwanao au jirani anaweza kukusaidia, naye asaini sehemu ya msaidizi. Mwajiri wako haruhusiwi.

Ukibadili nia na kutaka kwenda kituoni, chukua karatasi hiyo uikabidhi kwa maofisa, upewe nyingine papo hapo.