Majani ya bonsai yakigeuka rangi: jinsi ya kutafuta chanzo katika nyumba za Lamu

Bonsai ya ndani, yaani mti unaokuzwa kwenye chungu ukabaki mdogo, ikianza kuwa njano, wengi hukimbilia mbolea. Tafadhali ngoja kwanza. Hapa Lamu, maji ya visima vingi yana chumvi, na kuta, mchanga na vumbi la nyumba vimejaa chokaa ya matumbawe. Mara nyingi mti hauna njaa: mizizi yake ndiyo imeshindwa kunywa. Mbolea nayo ni chumvi, kwa hiyo ukiiongeza kwenye chungu chenye chumvi unaikaza ile kamba iliyokwisha kuubana mti.

Maelezo haya ni ya mfikasi (Ficus, jamii ya mikuyu), maana ndio unaovumilia kukaa ndani kuliko miti mingi. Adeniamu na bogenvilia ni miti ya jua. Ikiwa ya njano sebuleni, ipeleke nje kwenye mwanga kabla ya kufanya uchunguzi wowote.

Anza kwa kuangalia rangi imeanzia wapi. Majani ya zamani, ya chini na ya ndani, yakiwa njano mazima na kuanguka ukiyagusa tu, shuku maji mengi, giza, au mti kuhamishwa karibuni. Mfikasi haupendi kuhamishwa, na unaweza kumwaga majani mengi katika wiki chache za mwanzo bila ugonjwa wowote. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi tatizo ni madini ya chuma yaliyofungwa na chokaa, mizizi isiweze kuyanyonya. Ncha na kingo zilizokauka rangi ya kahawia zinaashiria chumvi au kiu. Mabaka yaliyo upande mmoja tu wa mti yanatokana na jua la dirishani au upepo wa bahari, hasa wakati wa kusi katika nyumba zinazoelekea pwani. Upepo huo hubeba chumvi: suuza majani kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila wiki.

Kisha pima unyevu. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke kwenye udongo karibu na shina mpaka kikaribie chini ya chungu, ukiache dakika kumi. Kikitoka cheusi na kibichi na wewe ulimwagilia siku tatu zilizopita, udongo umeshikana na hewa haipiti. Nusa tundu la chini. Harufu ya kuoza ikikupata, toa mti: mizizi mizima ni migumu, myeupe au ya kahawia isiyokoza, iliyooza ni myeusi, laini, na ganda lake hubanduka ukilivuta. Kata iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, uupande upya katika mafungu mawili ya magae ya udongo yaliyopondwa na fungu moja la mboji iliyokomaa. Punje za magae ziwe za milimita 3 hadi 6, na vumbi lake lote lichekechwe, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba. Mchanga wa ufukweni usiutie kabisa.

Sasa maji, na hapa tukae kidogo. Kwangua ule ukoko mweupe unaoganda kwenye ukingo wa chungu, ugawe mara mbili. Fungu la kwanza lidondoshee siki: likitoa povu, kuna chokaa. La pili litie kwenye kijiko cha maji ya mvua: likiyeyuka lote kimya kimya, ni chumvi. Mara nyingi utakuta vyote viwili. Siki hiyo hiyo idondoshee mchanga au kokoto unazotaka kuchanganya na udongo. Zikitoa povu, ziache.

Chumvi huondolewa kwa kuoshwa. Chungu cha lita moja kinahitaji lita tatu za maji ya mvua, uyamimine kwa awamu tatu, ukipumzika dakika kumi kati yake, na yote yatokee chini. Usiache chungu kikae juu ya kisahani chenye maji yaliyochuruzika, kwani mti utayanywa tena pamoja na chumvi yake. Rudia baada ya wiki mbili. Kwenye kaskazi maji hukauka upesi na chumvi hubaki nyuma, kwa hiyo osha angalau kila mwezi. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, lakini mvua ya kwanza iache ioshe paa, kisha uhifadhi kwenye mtungi wa plastiki. Birika la chokaa, yaani tangi la maji la kujengwa, halifai kwa kazi hii.

Ikiwa dalili ni ya chuma, misumari yenye kutu haisaidii; katika udongo wenye chokaa kutu haiyeyuki. Tafuta chelati ya chuma, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali inayokifanya kibaki kimeyeyuka, kwenye duka la dawa za kilimo na usome lebo. Inayofaa hapa ni ile yenye herufi EDDHA, kwa sababu EDTA hushindwa chokaa ikizidi. Fuata kipimo cha kifurushini, wala usikizidishe.

Mwanga upime kwa kivuli cha mkono, saa sita mchana, pale mti ulipo. Kivuli kikiwa hafifu, mahali hapo ni giza. Zidaka, vile vishimo vya kupangia vitu ukutani, ni nzuri kwa vyombo, lakini mti hauwezi kuishi humo. Usogeze karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba ulio wazi juu.

Majani yenye vidoa vidogo sana vya njano, yapigepige juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, ni utitiri. Majani yanayonata yana wadudu gamba au vidung'ata, wale wenye pamba nyeupe. Changanya mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize jioni, hasa chini ya majani, mara tatu kwa kupishana siku saba.

Jani lililokauka ukingo halirudi kijani, basi usipime mafanikio kwa hilo. Angalia machipukizi mapya ndani ya wiki nne hadi sita. Yakitoka kijani, ndipo utie mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo, juu ya udongo uliokwisha kuloana. Mbolea za viwandani za punje, CAN na DAP, ziache huko huko shambani. Punje chache tu huunguza mizizi ya chungu kidogo.