Kuongoza Msafara wa Magari kutoka Mwanza hadi Jangwa la Chalbi

Kikundi kinachotoka Mwanza kwenda kupiga kambi katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kijifunze kwanza kuhesabu maji. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria hatuna desturi hiyo, na ndiyo maana ninaianza hesabu hii kabla ya kugusa habari za magari. Jangwani, mtu mmoja atengewe walau lita 5 za kunywa kwa siku, nami huongeza lita 3 za kupikia na kunawa. Kwa watu 10 watakaokuwa nje ya mji wa Marsabit kwa siku 4, pamoja na siku 2 za akiba iwapo gari litaharibika, mahitaji yanafika lita 480, yaani madumu 24 ya lita 20. Msafara ukiwa na magari manne, kila gari libebe madumu 6, yafungwe kwa kamba sakafuni, karibu na katikati ya gari. Msiyapakie yote katika gari moja hata kama lina nafasi, kwa sababu gari hilo likipotea njia, kikundi kizima kitabaki bila maji.

Chagueni majira kwa uangalifu. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Juu kuna ukoko wa chumvi na udongo, na mvua ikinyesha, tope lake hunasa magurudumu kama udongo mweusi wa mbuga za Magu wakati wa masika. Epukeni miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Njia ya kwenda ni ya lami: mtapita Lamadi, Bunda na Tarime hadi mpaka wa Sirari, kisha Kisii, Nakuru, Nanyuki na Isiolo hadi Marsabit. Mpakani kila dereva awe na pasipoti, leseni, kadi ya gari na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, na asiyemiliki gari analoendesha awe na barua ya mwenye gari. Marsabit jazeni matangi na madumu ya akiba, mkikumbuka kwamba kwenye mchanga gari hunywa dizeli zaidi kuliko kwenye lami. Ulizeni polisi hali ya usalama ya njia ya Maikona, Kalacha na North Horr, na mchukue mwenyeji wa kuwaongoza.

Lami ikiisha, punguzeni upepo wa matairi, kwani tairi lililolegea hutanuka na kulala juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwa gari lililopakiwa, kutoka psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) hadi 20 ni mwanzo mzuri. Endesheni polepole na msikate kona kwa ghafla, maana tairi lenye upepo kidogo huweza kuchomoka kwenye rimu. Pampu ya kurudishia upepo ni ya lazima, na ingefaa madereva wafanye mazoezi haya yote wakiwa bado huku nyumbani, magari yakiwa na mzigo kamili.

Katika msafara, kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Asipoliona kwenye kioo, anasimama. Wa mbele yake akiona hivyo naye anasimama, na kwa njia hiyo habari inamfikia kiongozi hata pasipo na mtandao wa simu. Fundi na vifaa vya kunasulia viwe katika gari la mwisho. Fuateni alama za magari yaliyotangulia, na gari la kwanza likivunja ukoko, mengine yabaki kwenye udongo mgumu.

Gari likikwama, dereva aondoe mguu kwenye mafuta mara moja, kwani kila mzunguko wa gurudumu unalizamisha zaidi. Fukueni mchanga nyuma ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo la gari, punguzeni upepo hadi psi 15, kisha jaribuni kurudi nyuma kwa njia mliyoingilia. Ikibidi kuvuta, fungeni kamba kwenye ndoano iliyoshikamana na chesesi, yaani fremu ya chuma ya gari, kamwe si kwenye kichwa cha kufungia trela, ambacho kikikatika huruka na kinaweza kuua. Watu wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba.

Saa kumi jioni muwe mmeshapata mahali pa kulala. Msipige hema ndani ya korongo kavu hata kama mchanga wake unavutia, kwa sababu mafuriko huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali msikoiona. Bebeni gesi au mkaa, msikate miti michache ambayo wafugaji wa Kigabra na mifugo yao wanaitegemea, na msichote maji kisimani bila ruhusa ya wazee. Dagaa wakavu wa huku kwetu ni chakula chepesi kisichoharibika, ila wakiwa wametiwa chumvi waoshwe kwanza, maana chumvi huongeza kiu. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge.

Mkirudi Isiolo, osheni chini ya magari kwa maji mengi ili chumvi ya Chalbi isile bodi na mabomba ya breki, kisha kagueni boliti za magurudumu na za springi kabla ya kushika safari ya Sirari.