Grupu limepoa? Tupia swali la kivuli
Wakuu, kama una grupu la WhatsApp la kujadili mambo ila limejaa "asubuhi njema" na mafowadi tu, jaribu hii: kila wiki tupia swali moja ambalo mtu anaweza kulichunguza mwenyewe hapo alipo. Mi niliuliza kwa nini hapa Dar kivuli cha saa sita mchana mwezi wa 12 kinaangukia kaskazini halafu mwezi wa 6 kinahamia kusini, aisee watu kuanzia Mbagala mpaka Tegeta wakaanza kusimamisha vijiti uani, hadi wale wa kusoma kimya kimya (jua linapita utosini kwetu mwanzoni mwa mwezi wa 3 likielekea kaskazini na tena wa 10 likirudi kusini, na kivuli huangukia upande wa pili, ndo maana). Sharti moja tu, siku ya kwanza hakuna kugugo, na anayebisha aseme yeye kaona nini.