Jinsi ya kuseti trimu otomatiki ya boti upate wimbi safi la kuserfu

Hii ni ya wale mlioko huku Minnesota, Texas na kwingine Marekani ambao joto likianza tu mnachangishana mnakodi boti ya kuserfu ziwani, ile inayonyanyua wimbi nyuma yake na mtu analiteleza juu ya ubao. Boti za sasa zinakuja na skrini kubwa pale kwenye usukani, unagusa jina lako, unagusa kushoto au kulia, boti inajipanga yenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapotea maana wanadhani kazi imeisha, alafu wimbi likitoka bovu lawama zote kwa boti. Ile sistimu ya trimu otomatiki haizalishi wimbi jamani. Wimbi linaletwa na uzito na spidi, vibao vya trimu, yaani bapa zinazosogea nyuma ya boti, vinalichonga tu.

Kwanza uelewe kinachotokea nyuma huko, la sivyo utabaki kubonyezabonyeza. Boti ikienda maili 10 mpaka 12 kwa saa inakuwa bado haijapanda juu ya maji, inayasukuma pembeni na kuacha shimo nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti), maji ya kushoto na ya kulia yanakimbilia kuliziba na pale yanapokutana ndio wimbi linanyanyuka. Yakikutana sawasawa unapata povu tupu pande zote mbili, hakuna cha kuserfu hapo. Zamani dawa yake ilikuwa kuilaza boti, unajaza mifuko ya maji upande mmoja na watu wote wanakaa huko huko, na mwenzako akitaka upande wa pili mnaanza upya kuhamisha maji, nusu saa imeenda. Malibu walipoleta Surf Gate kwenye boti zao za 2013 ule usumbufu ukapungua sana: kibao kinatokeza kwenye kona ya tezi, kinachelewesha maji ya upande ule, upande mwingine unapata nafasi ya kujikunja vizuri. Nautique nao wana yao inaitwa NSS (Nautique Surf System), na kampuni nyingine zina za kwao.

Kwa hiyo usishangae ukiserfu kushoto ukaona kibao kilichofunguka ni cha kulia. Ndivyo inavyotakiwa. Anayetanguliza mguu wa kushoto kwa kawaida anaserfu kushoto ili alitazame wimbi, anayetanguliza wa kulia anakaa kulia.

Boti nyingi zina pia kibao cha katikati. Kikishuka kinanyanyua tezi, omo (mbele ya boti) inainama, wimbi linarefuka ila linapungua kimo. Ukikipandisha tezi inazama, wimbi linasimama wima lakini sehemu ya kuserfia inakuwa fupi. Ila angalia, Power Wedge ya Malibu yenyewe ni bawa linaloivuta tezi chini, kwa hiyo usichukue seting za boti ya mwenzako ukazibandika kwenye yako kama si za aina moja.

Haya, tuanze kuseti. Anza na uzito, skrini iache kwanza. Jaza matangi ya farumi, yaani ya maji ya kuongeza uzito, na boti ikiwa imesimama au inatambaa, na lita moja ya maji ni kilo moja, kuna boti zinabeba zaidi ya tani nzima ya maji peke yake. Sasa ongeza watu: nane wa kilo 80 ni kilo 640, huo ni sawa na lita 640 za maji, na hao wanatembea! Soma kile kibandiko cha uzito wa mwisho karibu na usukani na ukiheshimu, usije ukajaza matangi yote alafu ukapakia ukoo mzima na makuleri ya nyama choma. Kama mko wengi punguza maji.

Ikija zamu ya spidi, weka maili 11 kwa saa kwenye kruzi, ile ya kushikilia spidi. Kompyuta inasoma spidi kwa GPS, wewe unasukuma mkono wa gesi mbele kwa upole na yenyewe inaishikilia, na spidi ikishafika ile iliyopangwa vibao vinatokeza vyenyewe. Endesha mstari ulionyooka, maana ukiwa kwenye kona huwezi kulisoma wimbi. Juu ya wimbi kukiwa na povu linaporomoka, ongeza spidi kwa maili 0.2, subiri litulie, angalia tena. Likiwa safi lakini fupi, mtu akirudi nyuma kidogo tu anaachwa, spidi nayo inasaidia, au hamishia uzito kiasi mbele. Likiwa refu lakini limelala halina nguvu, punguza spidi au rudisha uzito nyuma.

Vibao vije mwisho. Anzia nusu, asilimia 50, alafu panda au shuka kidogo kidogo, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja tafadhali, nawaona watu wanagusa spidi, kibao cha katikati na matangi ndani ya dakika moja alafu wanauliza nini kimeharibu. Wimbi likiharibika ghafla na hujagusa kitu, geuka uangalie viti, kuna shangazi kahamia upande wa pili kufuata kivuli. Likikaa sawa sevu kwa jina la mtu, na uandike pembeni mlikuwa wangapi, kwa sababu profaili inakumbuka namba tu, haijui kama leo mko wanne na juzi mlikuwa tisa.

Kina cha maji pia kinaharibu wimbi, kwenye maji ya kina kifupi halikai vizuri na propela inachimbua tope la chini. Watafiti wa maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota walishauri mwaka 2022 boti za kuserfu zikae angalau futi 500 kutoka ufukweni, na Vermont kuanzia 2024 hizo futi 500 ni sheria, pamoja na kina cha futi 20. Hata kama ziwa lenu halina sheria hiyo, wimbi lako linavunja gati la mtu.

Na hili sina utani nalo: kuserfu hivi ni kwa boti ambayo propela iko chini ya boti, sio hizi za mashine ya kuning'inia nyuma, mserfu yuko hatua chache tu kutoka hapo. Tena asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwa inawaka, moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukushtua. Jaketi okozi kila anayeingia majini.

Mkimaliza pampu maji yote nje kabla ya kutoka ziwani, na Minnesota sheria inataka uchomoe plagi ya kutolea maji na uondoke bila maji, kwa ajili ya wale kome wadogo wenye mistari wanaohama ziwa hadi ziwa. Pampu haikaushi tangi kabisa, maji kidogo yanabaki chini, kwa hiyo kama safari inayofuata ni ziwa lingine iache boti ikauke siku 5.