Kuongoza kikundi kwenye njia ndefu ya miguu, kipande kwa kipande, majira ya kuchipua

Njia kama Appalachian Trail ya Marekani, yenye takribani kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, humchukua miezi mtu anayeitembea kwa mkupuo mmoja. Wengi wetu hatuna miezi hiyo, kwa hiyo tunaimega: kipande leo, kingine baada ya wiki mbili, na kila usiku tunalala nyumbani. Nimeongoza vikundi vya namna hii kwa miaka kadhaa, na sasa kila kitu ninakipanga nikimfikiria mtu mmoja tu, yule atakayefika mwisho. Hatua hizi nimeziandika kwa ajili ya majira ya kuchipua katika nchi za baridi, wakati watu wana hamu kubwa ya kutoka huku mlima bado haujaachana na baridi.

Hatua ya 1: Kata kipande kwa saa

Usiulize kwanza ni kilomita ngapi. Uliza ni saa ngapi. Mpanda milima wa Uskochi, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kipande cha kilomita 14 chenye mwinuko wa mita 600 kitakuwa karibu saa nne. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mwenye mwili mzoefu, asiyesimama. Kwa kikundi mimi huzidisha kwa moja na nusu, zinakuwa karibu saa sita. Tukianza saa tatu asubuhi, tutamaliza saa tisa alasiri, na bado tuna akiba ya mwanga iwapo goti la mtu litagoma.

Hatua ya 2: Soma mito na theluji kabla ya kuchagua mwelekeo

Kipande kimoja kinaweza kutembewa kutoka upande wowote, na viongozi wengi huchagua upande wenye mteremko mwingi. Majira haya mimi huangalia mito kwanza. Theluji ya juu huyeyuka jua likiwaka, kwa hiyo mto uliokuwa mtulivu alfajiri hujaa alasiri. Kama kuna kivuko kisicho na daraja, anzia upande utakaokufikisha hapo mapema. Mkifika mkakuta maji yanapita magoti na yanakwenda kasi, rudini. Mimi nimewahi kurudisha kikundi kizima nikiwa naiona njia ng'ambo ya pili, na sijawahi kujutia.

Kumbuka pia kwamba hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Bondeni maua yamechanua, kileleni kuna barafu. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, theluji hudumu zaidi kwenye miteremko inayotazama kaskazini, kwa sababu jua haliifikii vizuri.

Hatua ya 3: Magari yatangulie mwisho wa njia

Kutaneni mahali mtakapomalizia. Acheni hapo magari ya kutosha, kisha nyote mpande yaliyobaki hadi mnapoanzia. Hivyo mtu aliyechoka anatembea akijua gari linamngoja, wala hakimbizani na saa ya basi. Kabla ya kuanza, kila dereva aliyeacha gari kule anionyeshe funguo kwa mkono. Funguo zilizosahauliwa kwenye koti lililobaki kwenye gari la mwanzo huharibu siku nzima ya watu wote.

Hatua ya 4: Waambie mapema wavae nini

Fulana ya pamba ikilowa jasho au mvua hukaa na maji na kumnyonya mtu joto. Waje na sufu au kitambaa kinachokauka haraka, koti la mvua, kofia, glavu, soksi za akiba na tochi ya kichwa. Kofia ni ya jua pia: miti bado haijatoa majani, hivyo msitu hauna kivuli.

Hatua ya 5: Gawa kazi kabla ya hatua ya kwanza

Hesabu watu, kwa sauti. Mteue wa mbele na mfunga msafara. Wengi humpa kazi ya mbele mwenye nguvu kuliko wote, nami naona ni kosa. Mwenye nguvu na subira afunge msafara, maana ndiye atakayembebea mtu begi au kukaa na aliyeteguka.

Kisha eleza alama. Kwenye Appalachian Trail, mstari mweupe wa wima uliopakwa kwenye mti ndio njia kuu. Miwili, mmoja juu ya mwingine, inakuonya kuna kona au njia panda. Buluu ni njia ya kando. Njia ndefu za Ufaransa zina nyeupe juu ya nyekundu. Kubalianeni na filimbi vilevile: Uingereza na milima ya Alps, kuomba msaada ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika, Marekani ni mitatu.

Hatua ya 6: Njia panda na mapumziko

Msimu mmoja watu wawili wa katikati walibaki nyuma kupiga picha maua. Walipofika njia panda wenzao wa mbele walikuwa wameshapotea machoni, wakafuata buluu. Mfunga msafara akapita akiamini wako mbele. Ilituchukua karibu saa nzima kuwapata. Tangu siku hiyo nina sheria moja: kwenye njia panda hakuna anayeondoka mpaka aliye nyuma yake amemwona.

Hili la pili naliona karibu kila kikundi kigeni. Wa mbele wanafika, wanakaa, wanakula, wanapumua. Wa mwisho anatokea akihema, nao wanasimama: "Haya, twende!" Aliyehitaji kupumzika kuliko wote hakupata hata dakika moja. Mapumziko yaanze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa chini. Ukimwona anatetemeka, anajikwaa, au maneno yanamtoka kwa uzito, mwili wake unapoteza joto. Msimame nyote, mvue nguo mbichi, mvike kavu, mpe kitu kitamu.

Penye tope, piteni katikati kwa mstari mmoja. Kulikwepa hupanua njia na kukanyaga mimea inayochanua sasa hivi, kabla majani ya miti hayajafunga jua.

Hatua ya 7: Hesabu tena, kisha kupe

Ita majina kwenye magari. Halafu kila mtu ajikague: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele. Kupe wadogo wa majira haya wanalingana na punje ya mchanga. Mshike kwa kibano chenye ncha, karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Andika tarehe. Baka jekundu linalotanuka, au homa katika wiki zinazofuata, mpelekee daktari pamoja na tarehe hiyo.