SOMO: Kupima hewa ukaa inayotoka ardhini, Bonde la Ufa

Gesi ya volkano haitoki mdomoni mwa mlima tu. Kati ya ziwa Magadi na Natron, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hupenya kwenye udongo kimyakimya kufuata nyufa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria takriban tani milioni 4 za hewa ukaa (kaboni dioksidi) kwa mwaka katika bonde hilo la Magadi na Natron pekee. Natamani vijana wetu ndio wawe wapimaji.

1. Chora mstari unaoukata ufa. Ukiukaribia, songamanisha vituo, kwani pale kiwango hubadilika ndani ya hatua chache. Mvua ikinyesha, subiri. Maji huziba vitundu vya udongo.

2. Funika udongo kwa chemba isiyo na kitako, kingo zizame kidogo upepo usipenye. Mpira mwembamba hupeleka hewa kwenye kipimo cha infraredi (mwanga usioonekana ambao hewa ukaa huufyonza) na kuirudisha. Unachotafuta ni kasi ya kiwango cha gesi kupanda ndani ya chemba. Kasi hiyo, pamoja na ujazo na eneo la chemba, joto na kanieneo ya hewa, hukupa gramu kwa mita ya mraba kwa siku. Grafu ikianza kupinda, tumia sehemu ya mwanzo iliyonyooka.

3. Hapa ndipo wengi huruka, na mimi sikubali. Mizizi na vijidudu navyo hutoa hewa ukaa! Chukua sampuli, maabara ipime isotopu za kaboni, yaani aina yake nyepesi na nzito. Ya mimea mingi huwa karibu −25 kwa elfu, yaani kaboni nzito imepungua kwa 25 katika kila elfu ukilinganisha na sampuli rejea. Ya magma karibu −6. Ukipata −12, huenda una mchanganyiko.

MASWALI

*Sisi huku Goma tuna mazuku, mabonde yenye gesi inayoua. Ni gesi ileile?*
Ndiyo, ndugu yangu. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Mbuzi akianguka shimoni, usimfuate, na watoto wasichezee humo: wao ni wafupi, gesi huwafikia kwanza.

*Mwalimu, basi volkano ndizo zinazochafua hewa kuliko magari?*
Hapana. Makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma duniani hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka. Volkano zote duniani hukadiriwa kutoa chini ya tani bilioni moja.